Muda wa Mlimani Nao ni Muda

Kila mwaka Kilimanjaro Marathon ya Moshi inapokaribia, vikundi vya mbio kuanzia Dar es Salaam hadi Nairobi huwapa wanachama wapya wosia uleule. Moshi nendeni mkafurahi. Saa msiitazame. Kile kipande cha kupanda Mweka kinaua muda, kwa hiyo malizeni salama, vaeni medali, pigeni picha Kibo ikiwa nyuma yenu, halafu tafuteni mbio za tambarare mkasake muda wenu bora huko. Wosia huu hutolewa kwa nia njema, na wanaoutoa ni watu wenye kilomita nyingi miguuni. Ndiyo maana hakuna anayeuhoji. Umekuwa kanuni: muda wa kujivunia ni ule uliopatikana kwenye barabara isiyo na kilima, na ule wa mlimani ni wa kusimuliana tu, haumo kwenye hesabu.

Kanuni hiyo naipinga. Naipinga kwa sababu si ya kweli, na kwa sababu inawaharibia mbio watu wanaoishi, wanaofanya mazoezi na wanaoshindana kwenye nchi za milima, ambao ndio wengi wetu.

Tuanze na lililo haki ya watoa wosia. Tambarare kuna kasi zaidi. Hilo halina ubishi. Kelvin Kiptum alipokimbia saa 2:00:35 Oktoba 2023 alikuwa Chicago. Eliud Kipchoge alipokimbia 2:01:09 mwaka 2022 alikuwa Berlin. Mtanzania Gabriel Geay alipokimbia 2:03:00 Desemba 2022 alikuwa Valencia. Yote hayo ni majiji ambayo ukidondosha mpira barabarani utausubiri pale pale. Mwili nao una sheria zake. Unapopanda unalipa kwa pumzi, na unapoteremka hurudishiwi chote ulicholipa, kwa sababu sehemu ya nguvu inaishia kwenye kujizuia usianguke na kwenye kupokea kishindo cha kila hatua. Kwa hiyo mtu asinisome vibaya: sisemi Mweka itampa namba ndogo kuliko barabara ya pwani.

Ugomvi wangu uko kwingine. Watu wameshika jambo la kweli, kwamba mlima hupunguza kasi, wakaruka nalo hadi kwenye jambo lisilo la kweli, kwamba muda wa mlimani hauna thamani. La kwanza ni la maumbile. La pili ni maoni yaliyovishwa nguo za maumbile, na yanapaswa kuvuliwa.

Agosti 2024 Olimpiki ilikuwa Paris. Njia ya marathoni ilitoka jijini hadi Versailles na kurudi, kwa kumbukumbu ya wanawake wa Paris walioandamana hadi kwenye kasri la mfalme Oktoba 1789. Ilikuwa na zaidi ya mita 430 za kupanda, na mahali pamoja mwinuko ulifika asilimia 13.5, mwinuko ambao wengi wetu tungeupanda kwa kutembea, mikono magotini. Kwa kanuni ya vikundi vyetu, siku ile hapakuwa na muda wa kutafuta. Ilikuwa siku ya kumaliza salama. Tamirat Tola wa Ethiopia akamaliza kwa saa 2:06:26 na kuifuta rekodi ya Olimpiki ya Samuel Wanjiru, 2:06:32, iliyokuwepo tangu Beijing 2008. Kesho yake Sifan Hassan akamaliza kwa 2:22:55 na kuifuta rekodi ya wanawake ya Tiki Gelana, 2:23:07, iliyowekwa London 2012. Rekodi zote mbili, ya wanaume na ya wanawake, ziliangushwa katika wikiendi moja, kwenye njia yenye milima kuliko zile zilikowekwa.

Atasimama mtu aseme kwamba marathoni ya Olimpiki ni mbio za kuviziana, hazina wale wanaoitwa sungura wa kuvuta kasi, na mara nyingi huwa na joto, kwa hiyo rekodi zake si ngumu kama za Berlin. Sawa. Lakini hata Beijing na London hapakuwa na sungura, na Beijing ilikuwa na joto lake. Kilichobadilika kwenye njia ya Paris ni mlima, na mlima haukuzuia kitu.

Wala hatuna haja ya kwenda Ufaransa kutafuta shahidi, kwani wa kwetu yupo. Juma Ikangaa alikuwa mtu wa kuongoza mbele tangu bunduki inapolia, na kwa miaka mitatu mfululizo, 1988, 1989 na 1990, alimaliza wa pili Boston, njia iliyo maarufu kwa vilima vya Newton. Mwaka 1988 alipitwa na Mkenya Ibrahim Hussein kwa sekunde moja, 2:08:43 kwa 2:08:44. Alikwishakimbia pia Japani, Tokyo na Fukuoka, ambako wakimbiaji wa zama zile walikwenda kutafuta kasi. Lakini muda wake bora wa maisha, saa 2:08:01, aliupata New York Novemba 1989. New York huanza kwa kupanda daraja la Verrazzano kabla miguu haijapata moto, huvuka daraja la Queensboro, hupanda taratibu barabara ya Fifth Avenue wakati mkimbiaji amebakiwa na nguvu za mwisho, kisha huishia kwenye vilima vya Central Park. Rekodi ya njia aliyoiweka pale ilidumu hadi 2001. Mtu anayemwambia kijana wa Dodoma au wa Mbulu kwamba muda bora hautafutwi milimani, amwambie pia Ikangaa alikosea wapi.

Shahidi mwingine ni Hellen Obiri. Alipotoka uwanjani na kuingia marathoni angeweza kwenda moja kwa moja Berlin, Chicago au Valencia akajipatia namba ya kutisha. Hadi mwisho wa 2025 hakuwa amekwenda. Marathoni zake zilikuwa New York, Boston na ile ya Olimpiki ya Paris, ambako alipata shaba. Sasa tazama alivyojipima. New York ya kwanza, mwaka 2022, alimaliza wa sita kwa 2:25:49. New York ya Novemba 2025 alishinda kwa 2:19:51 na kuivunja rekodi ya njia ya Margaret Okayo iliyokuwepo tangu 2003. Boston alishinda 2023 kwa 2:21:38. Mwaka 2025 akakimbia 2:17:41, ingawa siku hiyo alikuwa wa pili kwa sababu Sharon Lokedi alikimbia 2:17:22. Huyo ni mwanamke aliyesaka muda bora, tena kwa ukali, na aliusaka juu ya vilima vilevile, mwaka baada ya mwaka. Karibu dakika sita alizozipunguza New York hazikuletwa na barabara, maana barabara ni ileile. Zimeletwa na Obiri.

Hapo ndipo ulipo moyo wa hoja yangu. Muda bora ni ulinganisho wa mtu na nafsi yake. Ili ulinganisho uwe wa haki, vitu vingine visibadilike sana. Mkimbiaji aliyekimbia Moshi mwaka jana na akarudi Moshi mwaka huu ana kipimo safi: njia moja, majira mamoja, jua lilelile la mwisho wa Februari. Aliyekimbia Moshi mwaka jana kisha akakimbia mji wa tambarare mwaka huu, akapunguza dakika tisa na kujitangaza kuwa ameboreka, hana anachokijua bado. Huenda ameboreka. Huenda pia amekwisha kidogo, na barabara imemfichia. Mchagua jembe si mkulima, na anayechagua barabara kwa sababu ya namba ameipa barabara kazi aliyopaswa kuifanya yeye.

Wapinzani wangu wana hoja moja inayosikika nzito: hata shirikisho la riadha la dunia haliitambui Boston kwa rekodi. Geoffrey Mutai alikimbia 2:03:02 pale Aprili 2011, wakati rekodi ya dunia ilikuwa 2:03:59 ya Haile Gebrselassie, na bado hakupewa rekodi. Je, huo si ushahidi kwamba muda wa vilimani si muda?

Huo ni ushahidi wa kinyume chake, kama ukiisoma kanuni yenyewe. Kanuni inataka mambo mawili kuhusu umbo la njia. Mstari ulionyooka kati ya mahali pa kuanzia na pa kumalizia usizidi nusu ya urefu wa mbio, na mahali pa kumalizia pasiwe chini ya pa kuanzia kwa zaidi ya mita moja kwa kila kilomita, yaani kama mita 42 kwa marathoni nzima. Boston inaangushwa na yote mawili: ni njia ya kwenda bila kurudi, na mwisho wake uko chini ya mwanzo kwa kama mita 140. Mutai alinyimwa rekodi kwa sababu njia ingeweza kumsaidia, kwa mteremko na kwa upepo wa mgongoni. Hakunyimwa kwa sababu ya kupanda. Kuhusu kupanda, kanuni haisemi chochote. Unaweza kuchora njia yenye mita elfu moja za kupanda, ukaianzia na kuimalizia mahali pamoja, ukaipima sawasawa, na rekodi itakayowekwa hapo itakubalika. Kilimanjaro Marathon inaanzia na kuishia kwenye uwanja mmoja, pale Chuo Kikuu cha Ushirika Moshi. Kwa hiyo kwa umbo la njia yake, Moshi ina haki ambayo Boston haina. Wanaotumia kanuni ya shirikisho kuukataa mlima wameisikia kwa wenzao, hawajaisoma.

Sasa tuulize: namba ya tambarare nayo inapima nini hasa? Wanasema ndiyo kipimo safi. Twende taratibu. Nusu marathoni ya Dar es Salaam hukimbiwa usawa wa bahari, lakini kwenye unyevunyevu ambao fulana inalowa kabla ya kilomita ya pili. Ya Nairobi hukimbiwa kwenye hewa baridi zaidi, lakini juu ya mita 1,600, ambako kila pumzi ina oksijeni pungufu. Hatujawahi kumwambia mtu wa Nairobi kwamba muda wake ni wa kumbukumbu tu kwa sababu ya hewa nyepesi, wala hatumfutii mtu wa Dar muda wake kwa sababu ya joto. Tunajua hali ni tofauti na tunauheshimu muda. Halafu kuna viatu vyenye sahani ya kaboni, kuna kundi la kukimbia nyuma yake likukinge upepo, kuna mratibu aliyekuwekea mtu wa kuvuta kasi mwenye bendera mgongoni. Vyote hivyo huingia ndani ya namba, na hatuvikatai. Hali moja tu ndiyo tumeamua kuifanyia ubaguzi, nayo ni mlima. Ni kama kumpima nahodha kwa siku za bahari shwari tu, kisha kusema siku za kusi hazikuwa safari.

Na hiyo namba ya tambarare ikipelekwa mlimani haisemi ukweli kila mara. Aprili 2023 Kipchoge alikwenda Boston akiwa na rekodi ya dunia ya 2:01:09. Geay alikuwa na 2:03:00. Kwa hesabu ya karatasi, Kipchoge alikuwa mbele kwa karibu dakika mbili, na kwenye marathoni dakika mbili ni zaidi ya nusu kilomita. Barabarani, Evans Chebet alishinda kwa 2:05:54, Geay akawa wa pili kwa 2:06:04, na Kipchoge akawa wa sita kwa 2:09:23. Simdharau Kipchoge, hakuna mtu mwenye akili timamu anayeweza. Nasema kilima ni elimu ya peke yake. Ukimuuliza Geay muda wake bora ni upi, karatasi itajibu Valencia. Lakini muda uliomtangulia mwanariadha mkubwa kuliko wote wa zama hizi ni ule wa Boston, mrefu kwa dakika tatu na sekunde nne. Namba ndefu, kazi kubwa zaidi.

Natoka kwa mabingwa, kwa sababu najua jibu linalonisubiri: hao ni wao, sisi tunakimbia Jumapili na Jumatatu tunaingia ofisini. Jibu hilo lingekuwa na nguvu kama mlima ungekuwa unawadhuru wa ofisini pekee. Ninavyouona, mkimbiaji wa kawaida ndiye mwenye faida kubwa ya kuuchukulia mlima kwa uzito, kwa sababu ndiye anayeukimbia vibaya zaidi.

Chukua watu wawili wanaosimama pamoja kwenye nusu marathoni ya Moshi. Wote wana uwezo wa kukimbia saa mbili kamili mahali tambarare, yaani dakika 5 na sekunde 41 kwa kilomita. Njia ya nusu marathoni inapanda kuelekea Mweka, migomba na mibuni ikiwa pande zote, watoto wamenyoosha viganja wagongewe, kisha inageuka kurudi mjini. Wa kwanza ameshika kasi yake ya tambarare. Barabara haionekani kali, inainama tu, na saa ya mkononi inamwambia 5:41, kwa hiyo anajiona yuko sawa. Hajui kwamba 5:41 ya hapo si ile ya nyumbani. Kwenye kilomita ya saba anahema kwa mdomo, mabega yamepanda masikioni, na mama aliyesimama mlangoni na ndoo ya maji anamwambia pole kabla hajamwomba. Anafika juu akiwa amelipa kila kitu. Mteremko anaopaswa kuufurahia anaukanyaga kwa visigino, kila hatua ni breki, na mapaja yanaanza kutetemeka. Wa pili anapanda kwa 6:30 bila kuitazama saa. Anapitwa na watu kumi, ishirini, na hafanyi kitu. Anafika juu akiwa bado na maneno mdomoni, anajipa nusu kilomita pumzi itulie, kisha anaiachia miguu.

Tufanye hesabu ya mfano. Wa kwanza amepanda kilomita 10 kwa dakika 56 na sekunde 50, lakini ameteremka akiwa amekwisha, kwa 6:15 kila kilomita. Anamaliza kwa saa 2:06 na ushei. Wa pili amepanda kwa dakika 65, akateremka kwa 5:10. Anamaliza kwa 2:02 na ushei. Dakika nne kati yao, na mwili wenye uwezo uleule. Hizo dakika nne hazikuletwa na mapafu makubwa wala viatu vya gharama. Zimeletwa na ufundi, na ufundi hufundishika. Kwenye tambarare, mtu mwenye miaka mitano ya mbio huhangaika mwaka mzima apate sekunde arobaini. Mlimani kuna dakika zimelala barabarani zinasubiri mtu wa kuziokota, halafu tunamwambia asiitazame saa!

Hapa ndipo wosia ule unapogeuka kuwa hatari. Unasema mkamalize salama, lakini matunda yake ni kinyume. Mtu aliyeambiwa Moshi si mbio za muda hafanyi mazoezi ya mlima. Kwa nini ajitese? Anakwenda na miguu ya barabara ya ufukweni, anapanda kwa msisimko wa ngoma na kamera, kisha anakutana na kile ambacho wahenga walikwishakisema: kupanda mchongoma, kushuka ndiyo ngoma. Mteremko huyalazimisha mapaja yafanye kazi huku yakivutwa, na misuli isiyoizoea kazi hiyo huchanika vijichaniko vidogo vidogo. Jumanne yake ndiye yule anayeshuka ngazi za ofisi kinyumenyume, ameshika chuma. Habari njema ni kwamba misuli hujifunza haraka: iliyokwisha kuteremka wiki chache kabla huumia kidogo sana inapoteremka tena. Lakini atakayeyafanya maandalizi hayo ni yule tu anayeamini kuna kitu cha kutafuta. Anayetafuta muda Moshi hufanya mazoezi ya kupanda na ya kushuka. Anayetafuta picha hafanyi. Mwisho wa siku, kati ya hao wawili, mwenye tamaa ya muda ndiye anayemaliza salama.

Kuna pia wanaosema kwamba mazoezi ya milima yanamfanya mtu kuwa mzito, anapoteza kasi. Iten, ambako nusu ya dunia ya mbio hupiga kambi, iko juu ya ukingo wa bonde la Kerio kwenye mita 2,400, na ukitafuta barabara ndefu ya tambarare pale utachoka kutafuta. Kocha Arthur Lydiard wa New Zealand aliwapeleka vijana wake kila wiki kwenye mzunguko wa Waiatarua, kama kilomita 35 za kupanda na kushuka nje ya Auckland, na mwaka 1960 kule Roma, katika siku moja, Peter Snell akatwaa dhahabu ya mita 800 na Murray Halberg ya mita 5,000. Mtu wa mita 800! Kama mlima ungekuwa unaua kasi, Snell angekuwa marehemu wa kwanza.

La mwisho linanihusu kama mtu wa ukanda huu. Kigali ni vilima vitupu. Kampala hivyo hivyo. Moshi, Lushoto, Mbeya, Iringa, Eldoret, Ngong: huko ndiko wakimbiaji wetu wanakoamka saa kumi na moja alfajiri, na huko huwezi kutoka nje ya geti bila kupanda au kushuka. Tukikubali kwamba muda wa mlimani hauhesabiki, tumekubali kwamba sehemu kubwa ya barabara zetu hazihesabiki, na kwamba ili mtu awe mkimbiaji kamili lazima akate tiketi ya ndege akakimbie kwenye jiji la watu wengine. Mwenye uwezo aende, nami namtakia heri. Valencia ni nzuri na Berlin ina historia. Lakini dereva wa bodaboda wa Mbeya anayepunguza dakika tatu kwenye njia ya kwao hana deni la kumthibitishia mtu yeyote. Mcheza kwao hutunzwa. Sisi wa kwetu tunamwambia aende akacheze kwingine kwanza.

Kwa anayekubali, mambo ya kufanya ni machache. Usiulinganishe muda wa Moshi na wa Dar. Ulinganishe na wa Moshi. Kwenye kupanda, fuata pumzi na uisahau kasi: kama huwezi kumwambia jirani yako maneno matatu, punguza. Fupisha hatua, tazama mita kumi mbele, mikono ifanye kazi. Juu usichomoke hapo hapo. Kwenye kushuka, hatua ziwe za haraka na fupi, mwili uinamie barabara kidogo, visigino visigeuke breki. Anza mazoezi ya kuteremka mapema, kidogo kidogo, na uyaache siku kumi kabla ya mbio. Anayekwenda kilomita 42 akumbuke kwamba Moshi humtembeza kwanza kwenye barabara ya Dar es Salaam, ambayo ni rahisi na inashawishi, kisha ndipo Mweka inamkuta akiwa amekwisha kukimbia nusu ya mbio. Aliyeiba dakika mbili asubuhi atazirudisha na riba.

Na kwa viongozi wa vikundi nina ombi moja. Kwenye zile orodha mnazotunza za muda bora wa wanachama, zenye safu ya kilomita 10, ya 21 na ya 42, ongezeni safu ya njia. Mwandikieni mtu muda wake wa Moshi kama muda wa Moshi, wa Kigali kama wa Kigali, wa Ngong kama wa Ngong, na anapoupunguza mpigieni makofi yaleyale mnayompigia aliyetoka Berlin. Mwanachama mpya akiwauliza kama aende Moshi kutafuta muda, mwambieni aende, ajiandae, na saa yake aivae.